Majuli: Kisiwa cha Mtoni Kinachopungua na Utalii Unaoweza Kukifaa

Utangulizi

Katika somo la Kiswahili na Utalii, wanafunzi wetu huulizwa mara kwa mara watofautishe utalii wa kawaida na utalii wa kimazingira. Majibu mengi huja yakiwa yamekaririwa: utalii wa kimazingira ni ule usioharibu mazingira. Jibu hili si kosa, ila halimsaidii mwanafunzi atakayeajiriwa kesho kuongoza wageni, kuandika kijitabu cha maelezo au kuishauri kamati ya kijiji. Halimwambii nani anafaidika, nani anaamua, na nini hutokea pale ambapo mazingira yenyewe yanabadilika hata bila mtalii kuyagusa.

Makala haya yanachukua mfano mmoja ambao unayaweka maswali hayo yote mahali pamoja. Mfano huo ni kisiwa cha Majuli, kilichomo katikati ya mto Brahmaputra, jimbo la Assam, kaskazini mashariki mwa India. Kwa miaka mingi sasa kisiwa hiki kimekuwa kikitangazwa kuwa kituo cha utalii wa kimazingira. Wakati huohuo, mto unaendelea kukimega. Hoja yetu ni kwamba katika mahali kama Majuli, utalii wa kimazingira hauanzi na hoteli wala na matangazo. Unaanza na ukingo wa mto na watu wanaoishi juu yake. Usipoanzia hapo, unabaki jina tu.

Kwanza tulitazame neno

Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, tuanze na lugha. Kitenzi talii tumekipata kutoka Kiarabu, na kamusi za zamani za Kiswahili zinakipa maana ya kusoma, kudurusu au kuchunguza jambo kwa makini. Maana ya kutembelea nchi za watu kwa ajili ya starehe ilipata nguvu baadaye, hadi leo ambapo kijana akisikia mtalii anawaza mtu mwenye kamera shingoni na kofia kichwani. Kwa maneno mengine, mtalii wa asili alikuwa mtu anayesoma kitu, si mtu anayepita tu.

Istilahi utalii wa kimazingira ni mpya zaidi. Wengine husema utalii ikolojia, wengine utalii rafiki wa mazingira. Dhana yenyewe ilienea duniani katika miaka ya 1980 na 1990, na Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2002 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Utalii wa Kimazingira. Maelezo yanayokubaliwa na wengi yana nguzo tatu. Ya kwanza ni kuhifadhi maumbile. Ya pili ni kuboresha maisha ya wenyeji. Ya tatu ni kuelimisha, kwa upande wa mgeni na kwa upande wa mwenyeji. Mwalimu atagundua kwamba nguzo ya tatu inalirudisha neno utalii kwenye maana yake ya kale. Nguzo hizi tatu ndizo tutakazotumia kuipima Majuli.

Majuli iko wapi na imetokeaje?

Mto Brahmaputra ni miongoni mwa mito mikubwa ya bara la Asia. Unaanzia Tibet, ambako unaitwa Yarlung Tsangpo, unaizunguka Himalaya upande wa mashariki, unashuka katika bonde la Assam, kisha unaingia Bangladesh, ambako unaitwa Jamuna. Ndani ya Assam mto huu hauna njia moja. Hugawanyika katika mikondo mingi inayoachana na kukutana tena, na katikati ya mikondo hiyo hujitokeza mafungu ya mchanga ambayo yanaweza kuonekana mwaka huu na kutoweka mwaka ujao.

Majuli si fungu la mchanga la namna hiyo. Ni ardhi kubwa iliyozungukwa na maji baada ya Brahmaputra na mito inayoungana nao kubadilisha njia zao karne kadhaa zilizopita. Upande wa kusini kuna Brahmaputra wenyewe. Upande wa kaskazini kuna mto Subansiri na tawi la Brahmaputra liitwalo Kherkutia Xuti. Jina Majuli katika Kiassam huelezwa kuwa na maana ya ardhi iliyo kati ya mito miwili.

Kwa sensa ya mwaka 2011, kisiwa kilikuwa na wakazi 167,304. Mwaka 2016 yalitokea mambo mawili yaliyokipa sifa. Kwanza, serikali ya Assam ilikitenga kutoka wilaya ya Jorhat na kukifanya wilaya inayojitegemea, wilaya ya kwanza nchini India kuwa kisiwa cha mtoni. Pili, kitabu cha rekodi cha Guinness kilikitambua kuwa kisiwa kikubwa zaidi cha mtoni duniani, kwa eneo la kilomita za mraba 880.

Hapa pana tahadhari kwa anayefundisha uandishi wa habari. Tarakimu hiyo ya 880 inanukuliwa kila mahali, lakini Bodi ya Brahmaputra, chombo cha serikali ya India kinachoshughulikia mto huo, ilipima kilomita za mraba zipatazo 502 mwaka 2004. Tofauti hii hutokana na swali rahisi: unahesabu nini? Ukihesabu mafungu ya mchanga na maeneo yanayofunikwa na maji kila mwaka, unapata kisiwa kikubwa. Ukihesabu ardhi ambayo mtu anaweza kujenga nyumba na kulima mpunga, unapata kisiwa kidogo zaidi. Mtangazaji wa utalii hupendelea tarakimu ya kwanza. Mkulima anaishi katika ile ya pili.

Kinachowavuta wageni

Majuli haina mlima wala pwani ya mchanga mweupe. Kinachowavuta wageni ni mchanganyiko wa maumbile na utamaduni ambao ni vigumu kuutenganisha.

Tuanze na satra. Hizi ni taasisi za kidini za Wahindu wa madhehebu ya Vishnu, zilizotokana na mafundisho ya Srimanta Sankardev, mwalimu, mshairi na mwandishi wa tamthilia aliyefariki mwaka 1568, na mwanafunzi wake Madhavdev. Satra ni zaidi ya nyumba ya ibada. Ni shule, ni hifadhi ya miswada, ni jukwaa la maigizo na ni makazi ya watawa. Satra ya Auniati, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1653 chini ya ufadhili wa mfalme wa Waahom. Katika satra kadhaa, watoto wa kiume hupokelewa wakiwa wadogo na kulelewa na watawa, wakijifunza sala, muziki na ngoma. Ngoma ya Sattriya, iliyokuzwa ndani ya kuta hizo, ilitambuliwa rasmi mwaka 2000 kuwa mojawapo ya ngoma za jadi za daraja la juu nchini India.

Satra ya Samaguri inajulikana kwa utengenezaji wa barakoa za maigizo. Fundi husuka umbo kwa mianzi, akalifunika kwa kitambaa kilichochovywa katika udongo wa mfinyanzi, akaongeza mchanganyiko wa udongo na samadi ya ng'ombe ili kuunda pua, macho na mdomo, kisha akapaka rangi. Barakoa hizo huvaliwa katika tamthilia za kidini ziitwazo bhaona. Mwaka 2023 fundi Hem Chandra Goswami wa satra hiyo alitunukiwa nishani ya taifa ya Padma Shri, na mwaka 2024 barakoa za Majuli pamoja na michoro ya miswada ya kisiwa hicho zilisajiliwa kwa alama ya kijiografia. Maana ya alama hiyo ni kwamba jina la bidhaa linalindwa kisheria kama mali ya mahali inapotoka.

Kundi jingine kubwa kisiwani ni Wamishing, watu ambao asili yao ni milima ya kaskazini. Nyumba zao hujengwa kwa mianzi juu ya nguzo, mita moja au zaidi kutoka ardhini, ili mafuriko yapite chini. Chini ya nyumba, wakati wa kiangazi, wanawake hufuma nguo, na nguruwe na kuku hufugwa. Mwezi Februari huadhimisha sikukuu ya kupanda mbegu iitwayo Ali-Aye-Ligang. Katika kijiji cha Salmora wapo wafinyanzi ambao hufinyanga vyungu kwa mikono bila gurudumu, na vyungu hivyo tangu zamani husafirishwa kwa mashua na kubadilishwa kwa mpunga.

Upande wa maumbile, mabwawa na vinamasi vya Majuli hupokea ndege wahamao wakati wa baridi, na pia korongo wakubwa ambao katika sehemu nyingine za dunia wamekuwa adimu. Kwenye fungu la mchanga karibu na kisiwa kuna msitu uliopandwa na mtu mmoja, Jadav Payeng, Mmishing aliyeanza kupanda miti mwaka 1979 akiwa kijana. Msitu huo, unaoitwa Molai, sasa una ukubwa wa takriban hekta 550, na tembo hufika humo. Payeng naye alipewa Padma Shri mwaka 2015. Mfano wake unafaa sana darasani, maana unaonyesha kwamba kivutio cha utalii kinaweza kuwa kazi ya mikono ya mwenyeji.

Mto unaotoa ndio unaonyang'anya

Sasa tuje kwenye tatizo. Tarehe 15 Agosti 1950, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 8.6 lilitikisa Assam na Tibet. Milima iliporomoka na mawe, mchanga na udongo mwingi ukaingia mitoni. Sakafu ya Brahmaputra ikapanda. Mto ambao sakafu yake imepanda hauwezi kubeba maji yaleyale ndani ya kingo zilezile. Hutanuka, na ukitanuka hula kingo. Tangu hapo kasi ya mmomonyoko Majuli iliongezeka sana.

Ni muhimu wanafunzi watofautishe mafuriko na mmomonyoko, maana katika mazungumzo ya kawaida mambo haya huchanganywa. Mafuriko ya Brahmaputra huja kila mwaka kati ya Juni na Septemba. Huharibu, huua mifugo, hukata barabara. Lakini maji hupungua, na yakiondoka huacha tope lenye rutuba. Wakulima wa Majuli wamekuwa na hekima ya kuishi nayo. Wanayo hata aina ya mpunga iitwayo bao, ambao shina lake hurefuka kadiri maji yanavyopanda. Mmomonyoko ni jambo jingine. Ukingo ukimeguka, shamba, nyumba, shule au satra huenda pamoja na udongo, na hakuna kinachorudi maji yakipungua. Aliyefurikiwa ana shamba lenye matope. Aliyemomonyolewa hana shamba.

Inasemekana satra za Majuli ziliwahi kuwa zaidi ya 60. Zilizobaki leo hazifiki nusu ya hizo. Nyingine zimehamia bara baada ya ardhi yake kuchukuliwa na mto. Familia nyingi zimehama zaidi ya mara moja, na baadhi zinaishi juu ya matuta yaliyojengwa kuzuia maji, kwa kuwa ndiyo ardhi pekee iliyo juu.

Juhudi za kuzuia zipo. Mwanzoni mwa mwaka 2004 Bodi ya Brahmaputra ilichukua jukumu la kukilinda kisiwa. Imetumia matuta, mifuko mikubwa iliyojazwa mchanga, na viunzi vya zege vyenye miiba kama nungunungu, ambavyo hupunguza kasi ya maji ili tope litulie na kujenga ukingo. Vipimo vya Bodi vya miaka ya 2010 vilionyesha kwamba eneo la kisiwa lilikuwa limepanda kidogo kupita kilomita za mraba 520. Kwa hiyo si kweli kwamba hakuna linalowezekana. Hata hivyo, ukingo mmoja ukiimarishwa, mto unaweza kuhamishia nguvu zake kwenye mwingine, na kila msimu wa mvua bado kuna vijiji vinavyopoteza ardhi.

Historia hii ina ukurasa mchungu pia. Katika miaka ya 1990 mwanaharakati wa maendeleo ya vijijini, Sanjoy Ghose, alifanya kazi Majuli na wenzake, na mapema mwaka 1997 waliwahamasisha wanakijiji kulinda kipande cha ukingo kwa kazi ya kujitolea na kwa vifaa vya hapohapo. Julai mwaka huohuo alitekwa na wapiganaji wa kundi la ULFA na hakurudi akiwa hai. Watu wengi walioandika juu ya kisa hicho walieleza kwamba kazi ya bure ya wanakijiji iligusa maslahi ya waliokuwa wakifaidika na zabuni za matuta. Tunakitaja hapa kwa sababu kinaonyesha kwamba swali la nani anaujenga ukingo, na kwa fedha zipi, si swali la kihandisi peke yake.

Neno linapokosekana kwenye orodha

Kuna jambo katika mfano wa Majuli ambalo mwalimu wa lugha atalielewa haraka kuliko mhandisi. Nchini India, orodha ya taifa ya majanga ambayo waathirika wake hupewa msaada kutoka mfuko wa maafa ilitaja mafuriko, tetemeko, kimbunga, ukame na mengineyo. Mmomonyoko wa kingo za mito haukuwamo. Hivyo mtu aliyepoteza paa kwa mafuriko aliweza kudai chini ya mfuko huo, lakini mtu aliyepoteza ardhi yote kwa mmomonyoko alikosa mlango wa kuingilia. Serikali ya jimbo la Assam ilijaribu kuziba pengo hilo kwa taratibu zake. Baadaye Tume ya 15 ya Fedha ya India, ambayo mapendekezo yake yalihusu kipindi cha 2021 hadi 2026, ilipendekeza fungu maalumu la fedha kwa ajili ya kuzuia mmomonyoko na kuwahamishia mahali pengine walioathirika.

Huu ndio ushahidi kwamba istilahi si mapambo. Mara nyingi tunapowaambia wanafunzi wetu watumie neno sahihi, wanadhani tunawasumbua kwa ajili ya alama. Majuli inatuonyesha kwamba kati ya mafuriko na mmomonyoko kuna tofauti ya kupata au kukosa msaada.

Masharti ya utalii unaoifaa Majuli

Baada ya kuyaona hayo, tunaweza kuuliza: utalii wa kimazingira ufanyweje huko? Tunapendekeza masharti matano.

Sharti la kwanza ni njia ya kufika. Wageni wengi hufika mji wa Jorhat, kisha huenda kwenye gati la Nimati na kupanda kivuko kwa muda wa saa moja au zaidi, pamoja na abiria, pikipiki, magari na mizigo. Waandishi wa safari hupenda kuisifu safari hiyo. Lakini vivuko husimama usiku, na mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungoja asubuhi kwa ajili ya uzuri wa mandhari. Septemba 2021 boti mbili ziligongana karibu na Nimati, watu wakapoteza maisha, na serikali ya jimbo ikapiga marufuku boti za binafsi zenye injini moja. Februari mwaka huohuo lilikuwa limewekwa jiwe la msingi la daraja la kuunganisha Majuli na Jorhat, mradi ambao umekumbwa na ucheleweshaji. Wapo wanaohofia kwamba daraja litaleta magari mengi, taka na hoteli za matajiri wa mbali. Hofu hiyo ina msingi, lakini jawabu lake ni sheria za ujenzi na za magari, si kumwacha mwenyeji bila njia ili mgeni aone kisiwa kilichojitenga. Utalii wowote unaohitaji wenyeji wabaki katika shida ili wavutie hauwezi kuitwa wa kimazingira.

Sharti la pili ni malazi. Nyumba ya Mmishing ni somo tosha: ni ya mianzi, iko juu ya nguzo, hujengwa kwa vifaa vya jirani, na mto ukikaribia inaweza kubomolewa na kujengwa mahali pengine. Tayari zipo nyumba za wageni kisiwani zilizofuata mtindo huu. Hoteli ya zege yenye ghorofa inakwenda kinyume cha mazingira mara mbili: inakula udongo na mchanga wa kisiwa wakati wa kujengwa, na mto ukiifikia haihamishiki. Katika ardhi inayohama, jengo la kimazingira ni lile linaloweza kuhama.

Sharti la tatu ni mapato. Tuchukulie mgeni anayelala siku mbili. Kama amelipa kila kitu kwa wakala wa mjini, ameletwa na gari la mjini na kula chakula kilichonunuliwa mjini, kisiwa kinabaki na takataka. Kama amelala kwa familia, ameongozwa na kijana wa kijiji, amekula mchele wa hapohapo, na amenunua kitambaa kutoka kwa mfumaji mwenyewe, sehemu kubwa ya fedha inabaki. Sharti hili lingekuwa na nguvu zaidi kama sehemu ya ada inayotozwa wageni ingetengwa waziwazi kwa ajili ya ukingo: miti, mianzi, na matengenezo madogo yanayoweza kufanywa na wanakijiji. Hapo mgeni angekuwa amesaidia kulinda ardhi aliyoikanyaga. Tusijidanganye, hata hivyo. Ada za wageni haziwezi kuuzuia mto wa ukubwa ule. Kazi kubwa ya ukingo ni ya serikali, na utalii usitumiwe kuwa kisingizio cha kuikwepa.

Sharti la nne ni heshima. Satra ni mahali pa ibada. Mtawa anapocheza ngoma anasali. Sikukuu ya Raas, inayofanyika mwezi Novemba au karibu na hapo na kuigiza maisha ya Krishna, huwavuta maelfu ya watu, na wengi wao ni waumini. Panapokuwa na wageni wengi, kuna kishawishi cha kufupisha tamthilia ya usiku kucha iwe onyesho la nusu saa, au kutengeneza barakoa ndogo za haraka za kuuza. Kuuza si dhambi. Mafundi wanahitaji kula, na barakoa ndogo zimewasaidia. Lakini uamuzi wa kipi kionyeshwe, kipi kiuzwe na kipi kibaki cha wenyewe uwe wa satra na wa kijiji. Alama ya kijiografia inalinda jina la barakoa. Maana yake hulindwa na wenye barakoa.

Sharti la tano ni majira na idadi. Wakati unaofaa kwa wageni ni kuanzia Oktoba hadi Machi. Miezi ya mafuriko kisiwa kinahitaji vivuko vyake kwa ajili ya chakula na wagonjwa. Kwa hiyo utalii hauwezi kuwa kazi pekee ya mwenyeji. Ni nyongeza ya kilimo, uvuvi na ufumaji. Kijiji kikiacha kulima kwa kutegemea wageni wa miezi sita, kitakuwa kimehama kutoka kuutegemea mto kwenda kutegemea kitu kisicho na uhakika zaidi ya mto. Janga la korona la mwaka 2020 lilizifundisha sehemu nyingi za dunia somo hilo.

Kuhitimisha

Majuli ilingizwa mwaka 2004 katika orodha ya awali ya India ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia wa UNESCO. Bado imo kwenye orodha hiyo ya awali. Miongoni mwa mambo yanayoifanya ngumu kuihifadhi ni hili: sheria nyingi za uhifadhi zimetungwa kwa ajili ya vitu vilivyotulia, kama jengo, msitu au mlima wenye mipaka. Majuli haina mipaka iliyotulia. Kilichodumu pale si mstari wa ramani, bali ni ujuzi wa watu: kujenga juu ya nguzo, kupanda mpunga unaopanda na maji, kuhamisha miswada kabla ukingo haujameguka, na kuanza upya.

Ndiyo maana tunasema utalii wa kimazingira huko ujengwe juu ya ujuzi huo. Mgeni anayefika Majuli kuangalia kisiwa kikubwa zaidi duniani anaweza kuondoka amekatishwa tamaa, maana atasikia kwamba kinapungua. Mgeni anayefika kutalii kwa maana ya zamani, yaani kusoma na kuchunguza kwa makini, atapata shule. Wahenga wetu walisema maji hufuata mkondo. Watu wa Majuli wanajua kwamba mkondo nao huhama, na kwa karne kadhaa wamejifunza kuhama nao bila kupoteza walichobeba. Swali lililobaki ni kama ardhi itawatosha kuendelea kufanya hivyo.

Kwa walimu: maswali ya mjadala na kazi za darasani

1. Eleza kwa maneno yako tofauti ya mafuriko na mmomonyoko, kisha utaje athari za kila kimoja kwa mkulima, kwa shule na kwa nyumba ya wageni.

2. Andika tangazo la maneno 100 la kuwaalika wageni Majuli bila kutumia maneno "kikubwa zaidi duniani". Utategemea sifa zipi?

3. Mjadala: "Daraja litakiua kisiwa cha Majuli kuliko mto." Kundi moja liunge mkono, jingine lipinge. Kila kundi litumie angalau hoja moja inayomhusu mwenyeji na moja inayomhusu mgeni.

4. Chagua kisiwa unachokifahamu katika nchi yetu au nchi jirani, kama vile visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria au Idjwi katika Ziwa Kivu. Kipime kwa masharti matano yaliyotajwa katika makala haya. Ni sharti lipi halihusiki kwa kuwa kisiwa chako ni cha ziwani na si cha mtoni? Ni sharti gani jipya ungeongeza?

5. Linganisha istilahi utalii wa kimazingira, utalii ikolojia na utalii rafiki wa mazingira. Ipi ingeeleweka upesi zaidi katika mkutano wa kijiji? Toa sababu.